Kompyuta ya Marehemu

Kinanda hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango, na yeye hakuwahi kuvunja hata kikombe. Alichofanya ni kuongea tu, tamu kama muziki, watu wakafungua mifuko yao wenyewe, halafu wakamshukuru. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Asubuhi hiyo alikuwa mkahawani akisubiri riziki, na kwenye meza ya jirani mhasibu mmoja mstaafu alikuwa analalamika. Mzee huyo alikuwa akikusanya kompyuta za mkononi za zamani, zile ndogo za kukunja, na alikosa aina moja tu.

"Lakini iwe inawaka," alisema. "Inayowaka nitailipa bei ya pikipiki."

Kinanda akageuza kiti. "Mzee wangu, Mungu akupe nini tena? Hiyo ninayo karakanani kwangu. Inafanyiwa usafi kidogo tu. Njoo Jumamosi, nitakuelekeza."

Karakana aliyoitaja ilikuwa chumba cha mbele cha shangazi yake, fundi wa redio na saa. Kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye ndoo ya muuza vyuma chakavu, naye hakuwa mtoto wa jana. Alipoona macho ya Kinanda yanang'aa, akataka koti lake. Koti lile la suti ndilo lilikuwa mtaji wote wa Kinanda, maana bila koti nani angemwita bosi? Alilivua huku roho ikimuuma, akaondoka na shati lake na kompyuta iliyokufa. Sasa ilikuwa lazima iwake, la sivyo amekwisha.

Shida ilikuwa moja: Shangazi hafanyi kazi bure hata kwa ndugu. Hasa kwa ndugu. Kwa hiyo Kinanda aliingia kwake na machozi yaliyokwisha kutayarishwa.

"Shikamoo, Shangazi. Tazama nilichokuta kwenye mizigo ya marehemu baba."

"Marahaba. Ni ya kaka yangu hii?"

"Yake kabisa. Alikuwa haiachi. Sitaki kitu kingine duniani, Shangazi, nataka tu niione ikiwaka, nimkumbuke."

Shangazi akashusha miwani. Akakitazama kile kidude, akamtazama mtoto wa kaka yake, akakitazama tena.

"Masikini kaka yangu," alisema. "Basi sitakutoza, baba. Iache."

Kinanda alipita kila siku kuangalia mgonjwa. Betri za zamani zilikuwa zimevuja na kuacha ukoko wa kijani. Shangazi aliulainisha kwa siki, akausugua kwa mswaki mkuukuu. Nyaya nyembamba za kwenda kwenye kioo zilikuwa zimekatika pale kwenye bawaba. Akaziunga kwa risasi ya kuyeyusha, moja moja, pumzi ameibana. Kinanda naye alibana pumzi, kwa sababu zake mwenyewe.

Jumamosi Shangazi akatia betri mpya, akabonyeza. Ikalia "ti!" Kioo cha kijivu kikajaa maandishi, kikauliza leo ni tarehe ngapi, kama mtu aliyezinduka hospitali. Kinanda aliruka kwa furaha, na safari hii ilikuwa furaha ya kweli.

"Hewala! Nipe niende nayo."

"Uende nayo wapi? Nimewaita wenzako."

Dada yake mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni, na wadogo zake wawili nyuma yake.

"Mali ya marehemu ni ya watoto wote," alisema Dada huku akivuta kiti. "Au si ya baba?"

Hapo ndipo ulimi uliomlisha miaka yote ulipokwama. Akisema si ya baba, basi amemlilia marehemu machozi ya uongo mbele ya dada yake. Akisema ni ya baba, imekwenda.

"Ni ya baba," alisema.

Mlango ukabishwa. Mhasibu mstaafu akachungulia. "Samahani, hapa ndipo karakana ya bwana huyu? Na wewe, mama, ndiye wa usafi?"

"Ndiye mimi," alisema Shangazi. "Nimeshasafisha. Karibu ununue."

Mzee alibonyeza vitufe, akacheka peke yake, akalipa bila kubishana. Shangazi alikata ujira wake kwanza. Bure ilikuwa ya kumbukumbu, alisema, na hii imekuwa biashara. Fedha zilizobaki Dada akazifunga kwenye kitambaa: zinaenda kwenye paa la mama yao, ambaye kila mvua huhamisha kitanda.

"Na mimi?" aliuliza Kinanda.

"Wewe si ulisema hutaki kitu? Shangazi alitusimulia. Tulilia wote."

Wenzake walipotoka, Kinanda alibaki na Shangazi. "Ulijua tangu lini?"

"Mwanangu, kaka yangu akitaka kupiga simu, mimi ndiye niliyekuwa nikimbonyezea namba."

"Sasa kwa nini ukaitengeneza?"

"Ukilia wewe, pana fedha mahali. Kesho njoo mapema, fundi wa paa anahitaji mtu wa kupanda naye."

Alikwenda, angekataaje? Mama alisimama uani akiwaambia majirani kwamba mume wake, hata huko aliko, hajamsahau. Kinanda aliyasikia yote kutoka juu ya paa, na alikuwa na mengi ya kusema, ila mdomo ulikuwa umejaa misumari.