Mgeni wa Heshima wa Lanham

Kiangazi cha 2012 serikali ilipotangaza kwamba vijana walioletwa Amerika wakiwa watoto wangeweza kuomba wasifukuzwe kwa muda, wengi walilia kwa furaha. Dunstan alikwenda kununua tai.

Kufikia Julai alikuwa wakili. Wazazi watatu wa Beltsville walikuwa wameshampa ada taslimu, kila mmoja kwa bahasha yake, naye alitembea nazo kifuani, kwa kuwa benki zina maswali mengi. Jumapili moja, katika kanisa la Wakenya huko Lanham, akafuatwa na Bilha, mama anayetunza wazee majumbani Bowie. Binti yake, Audrey, aliletwa akiwa na miaka sita.

"Wakimrudisha Nakuru, wakili, hata stendi hataijua."

"Tulia, Mama Audrey. Nina mtu ndani. Wewe lete ada tu."

"Sina. Lakini nitaita harambee. Utakubali kuwa mgeni wa heshima?"

Dunstan aliona akilini ukumbi mzima wa manesi waliotoka kulipwa mishahara. "Kwa ajili ya mtoto," alisema kwa unyenyekevu, "nitakuja."

Jumamosi alivishwa ua kwenye koti na kuketishwa meza kuu. Alieleza sheria kwa ufasaha wa mtu asiyezuiwa na kuijua. Kisha Mzee Phineas, mwendesha shughuli, akashika kipaza sauti.

"Sasa mgeni wetu atufungulie."

Hapo ndipo Dunstan alipokumbuka jambo ambalo kila Mkenya analijua: mgeni wa heshima hutoa wa kwanza, tena kuliko wote, na huleta pia mchango wa marafiki zake. Kina mama walikuwa tayari wanamjia wakicheza, kiondo cha kuchangia mbele.

"Pochi nimeiacha kwenye gari."

"Na hilo koti, wakili? Naona limevimba upande wa moyo."

Ukumbi ukacheka. Simu zikainuliwa kumpiga picha. Mwenye mtu ndani hawezi kutoa dola ishirini. Akatoa bahasha.

"Na marafiki zako," Phineas aliuliza kwa upole, "wamekutuma na nini?"

Zikafuata bahasha mbili.

Watu wakashangilia, wakaona haya kutoa kidogo, na kiondo kikajaa.

Shughuli ilipokwisha, Bilha alimsindikiza hadi mlangoni.

"Bahasha zako zinarudi Beltsville. Wale wazazi ni wenzangu wa kazi. Pesa zilizobaki ni za wakili wa Audrey, mwenye leseni. Tunamwona Jumatatu."

"Ulijua tangu lini?"

"Waliniambia nitakutambua kwa tai."

Akamkabidhi chapati mbili ndani ya foili. Mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu.