Mkataji Aliyemo Gotini Mwangu

Kwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji,
Ndugu Gvozden,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yako yote mawili. Nilipokufundisha biolojia ulikuwa ukisinzia kila tulipofika somo la tishu, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza mbali kidogo.

Mwili wetu umefungwa kwa kamba. Kamba hiyo ni kolajeni: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, imara kuliko kamba tunazofungia nguruwe mwezi wa Novemba. Ndiyo inayoshika ngozi, mifupa na gegedu la goti. Katika mwili huohuo anaishi mvunjaji wake, kimeng'enya kiitwacho kolajenesi. Nitamwita Mkataji, nami namlalamikia rasmi kama ifuatavyo.

1. Huingia akijifanya hana silaha. Anapotoka ndani ya seli huwa amevaa ala inayoziba chembe ya zinki, na zinki hiyo ndiyo makali yake. Ala ikiondolewa tu, kazi inaanza. Mtu angeingia barazani kwako na kisu alani namna hiyo, ungeita polisi.

2. Ana vifaa kupita kiasi. Sehemu yake moja hukata. Nyingine, yenye mabapa manne yaliyopangwa kama ya feni, huishikilia kamba. Katikati kuna shingo inayopinda. Kwa pamoja huisokotoa ile kamba, kisha hukata uzi mmoja baada ya mwingine. Mimi nina mkasi mmoja wa kupogolea mizabibu, na nimeridhika.

3. Hagawi sawa. Hukata mahali pamoja tu, akaacha kipande cha robo tatu na kipande cha robo. Ndugu wakigawana shamba la miplamu hivyo, hapa kwetu hawasalimiani tena mpaka mazishini.

4. Haheshimu mapishi. Tangu vuli mke wangu Desanka ananichemshia miguu ya nguruwe mpaka supu igande, tule pihtije baridi yenye kitunguu saumu, kwa kuwa kila mtu hapa anajua kwamba jeli hiyo hujenga goti. Nilimweleza kwamba tumboni wako wakataji wengine, wanaoivunjavunja kabla haijaijua njia ya gotini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea sahani. "Kula, mzee. Jeli haijasoma vitabu vyako."

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mjukuu wangu Ljubinka ni mjamzito, siku zake zimeshapita, na mtoto hajabisha hodi. Siku atakapozaliwa ua wetu utajaa watu, majirani watanipasulia shati mwilini kama desturi inavyomtaka babu, kisha tutashikana mikono tucheze kolo, ngoma yetu ya duara. Mkuu wa nyumba ndiye huiongoza, nami nimeiongoza katika ua huu tangu baba yangu alipofariki. Sasa jirani yangu Tihomir, anayecheza kama ng'ombe juu ya barafu, ameniona nikishuka ngazi kinyumenyume, akaniambia kutoka ng'ambo ya uzio: "Mwalimu, usijisumbue. Nitakuwekea kiti kivulini, unishikie koti."

Koti lake, Ndugu Mwenyekiti.

Najua utasema mwili una walinzi, protini ndogo zinazoikalia ile zinki na kumzuia Mkataji. Wapo. Wa gotini mwangu ni kama mlinzi wa ofisi yenu, ambaye sijawahi kumkuta macho.

Mwanzoni nilitaka afukuzwe kwenye goti la kushoto tu. Lakini akifukuzwa hapo atahamia la kulia. Akifukuzwa kwangu atavuka uzio aende kwa Tihomir, jambo ambalo ningelivumilia, ila sheria ni sheria. Basi naomba apigwe marufuku katika miili yote ya kijiji hiki, wageni wakiwamo. Na marufuku ianze kwa Ljubinka, leo hii, ili kamba zote mwilini mwake zibaki imara, isilegee hata moja, na mtoto wake arithi magoti ya kudumu.

Nisalimie mkeo, mama yako, na wajumbe wote, hata yule aliyepinga taa ya darajani. Desanka anakusalimu na anasema njoo ule jeli, imebaki nyingi.

Wako mwenye maumivu ya kushoto,
Svetislav Perunović,
mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa bado mezani Ljubinka aliposhikwa na uchungu. Ni msichana. Shingo ya kizazi, mwanangu, kwa sehemu kubwa ni kolajeni, imefungwa kama fundo la gunia miezi yote hiyo, na miongoni mwa wanaoilegeza ili mtoto apite ni Mkataji na ukoo wake. Alikuwa kazini wakati nikimwandikia mashtaka.

Tihomir alinipasulia shati. Kipande kikubwa kilibaki mkononi mwake, kidogo shingoni mwangu: robo tatu kwa robo, usinicheke. Kolo niliiongoza mzunguko mmoja, taratibu kiasi kwamba Tihomir, nyuma yangu, alinung'unika kuwa bata wanatupita. Kisha nikaketi kwenye kiti chake, nikamshikia koti. Mtoto alikuwa amelala ndani yake, kwa hiyo si fedheha.

Naituma barua kwa kuwa Desanka ameshabandika stempu. Usiifikishe barazani, ipasue. Na kama kwa bahati mbaya marufuku imepita, ifuteni upesi, maana Ljubinka anasema anataka wa pili. Goti linauma kuliko jana. Mwacheni Mkataji afanye kazi yake.