Tokeni Isiyo na Faida

Fursa, ndivyo alivyojiita, kwani jina alilopewa na mama yake lilikuwa linatafutwa na wadai, alikuwa dirishani akinyoa ndevu aliposikia wateja wa saluni ya chini wakilalamikia foleni. Akachungulia. Kila mmoja ana simu mkononi na muda wa kupoteza. Akaacha shavu moja na povu, akamwita kaka wa mkewe, fundi wa programu.

"Shemeji, tunaanzisha kampuni ya kupanga foleni kwa simu. Mtaji tunachangisha kwa kuuza tokeni, zile sarafu za mtandaoni."

"Tokeni gani? Kuna ya hisa, mwenye nayo anagawiwa faida."

"Hiyo inaleta serikali."

"Ya huduma je? Mtu ananunua leo, anahudumiwa kampuni ikifunguliwa."

"Hiyo inaleta kazi."

"Basi imebaki ya kura. Haina faida, haina huduma. Mwenye nayo anapiga kura tu kuhusu mambo ya kampuni."

Fursa alicheka hadi povu likamwingia mdomoni. Kura alishapiga nyingi maishani, na hajaona hata bomba la maji likisogea. "Andika hiyo hiyo!"

Shemeji, mtu ambaye ukimwambia achemshe maji anauliza yachemke kiasi gani, akaandika kama alivyoambiwa.

Fursa akatia akiba yake yote kwenye mfuko wa kampuni iwe chambo, akavaa suti, akashuka kwa mwenye saluni.

"Mama, kesho bei inapanda. Wajanja wameshawahi."

"Na hii kura naitumiaje?" aliuliza Mama Saluni, aliyewahi kuongoza vikundi vya akina mama visivyo na idadi.

"Upendavyo, mama yangu!"

Akanunua. Wateja wakamwona, wakagombania. Tokeni zilipokwisha Mama Saluni akataka nyingine, na Fursa, tamaa imemshika koo, akamuuzia hata zile zake mwenyewe za ukurugenzi.

Jumamosi, begi likiwa mlangoni, akabonyeza simu atoe hela zote atokomee. Ikamjibu: *Inasubiri kura.*

"Shemeji! Nini hiki?"

"Si ulisema kura? Hela haitoki mpaka wenye kura wakubali."

Lakini ulimi si anao? Akashuka saluni, na kwa sauti ya msibani akawaomba waidhinishe safari ya mkurugenzi kwenda kutafuta wafadhili.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Mama Saluni. "Tumepiga kura asubuhi. Hela zimenunua viti na draya. Foleni itapungua."

"Zote? Na zangu zilikuwemo!"

"Tumeziona. Mungu akubariki."

"Napinga! Napiga kura ya hapana!" Akafungua simu. Hakuna hata kura moja.

"Kura zako uliniuzia mimi, tena kwa bei ya kesho." Mama Saluni akamsogezea kiti kipya. "Ila hatuna roho mbaya. Tumekupigia kura ya ajira. Utakuwa unaita wateja, mshahara mwisho wa mwezi."

Fursa akautazama mlango. Hata nauli yake ilikuwa imegeuka draya. Akaketi.

"Haya," alisema, "nani anafuata?"