Antena Yangu na Kanga za Mama Mkwe

Ruponda, Nachingwea
14 Agosti 1956

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaopiga chapa pamoja nawe. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na habari ya magoti utaikuta katika namba ya nne.

Naitwa Adinani bin Bashiri, mzaliwa wa Naipingo. Nimeoa hapa Ruponda na kuhamia kwa wakwe, kama ilivyo desturi yetu. Mchana ni mkulima wa ufuta. Jioni ni mtu wa redio, wale wa kujiungia wenyewe kwa vipande vya redio mbovu. Kwa hiyo nilifurahi sana ulipoanza kumchapisha yule bwana anayejiita Fundi wa Upepo, anayetufundisha kuchagua waya, viungio na antena. Leo naandika kumshitaki. Kwa sababu yake naelekea kurudishwa Naipingo na redio yangu kichwani, bila mke. Malalamiko yangu ni haya.

1. Fundi wako aliandika kwamba waya wa antena unyooshwe ukikingama njia ya sauti. Dar es Salaam iko kaskazini yetu, basi waya utoke magharibi uende mashariki, futi sitini, juu ya mianzi miwili. Nikatii. Lakini hakuuliza hata kwa neno moja mashariki ya nyumba yangu kuna nini. Kuna jiko la mama mkwe. Jina lake siliandiki, adabu hainiruhusu. Mwanzi wa pili ukasimama nyuma ya jiko hilo, na kuku wake tangu hapo hawatagi vizuri, ingawa hilo nalisamehe kwa kuwa kuku si wangu.

2. Aliandika tena kwamba waya wa chuma wa kuanikia nguo ni adui wa antena, unakula sauti. Tuchague waya wa shaba wenye mpira, na kiungio cha shaba cha kukaza. Nikaenda Nachingwea sokoni kwa Protasi, aliyekuwa kibarua wa mradi wa karanga. Karanga zilikataa, mradi ukaondoka, nyaya zikabaki kwa Protasi. Akanipa waya wa ajabu: waya ndani ya mpira, mpira ndani ya waya mwingine wa kusukwa, kisha mpira tena juu. Umevaa kuliko bwana harusi. Nikatoa debe la ufuta. Fundi alisema chuna, safisha, penyeza, kaza. Nikachuna, nikasafisha, nikapenyeza, nikakaza mpaka meno yakauma. Kazi yangu haina kasoro, na naomba jambo hilo lichapishwe kwa herufi nene.

3. Kabla sijafungua redio kuijaribu antena hiyo, mama mkwe akaja na waya wake wa chuma wenye kutu. Akaufunga kwenye skrubu ya dirishani kwangu, hapo hapo antena inapoungwa na redio, akauvuta mpaka mkorosho ulio mbele ya mlango, akaanika kanga. Ruponda ni pana, Ndugu Mhariri. Ina vichaka, ina nyua, ina mikorosho mingine. Akachagua skrubu yangu. Dar es Salaam inasikika, sikatai, lakini kwa mikwaruzo, nami namjua anayekula sauti.

4. Wewe labda ni mtu wa mjini, kwa hiyo nakueleza. Kwetu mwanamume hasemi na mama mkwe ana kwa ana. Yeye haingii kwangu nami siingii kwake, na kupita chini ya nguo yake ni aibu isiyofulika. Sasa kanga zinaning'inia mbele ya mlango wangu. Natokea dirishani, naingilia dirishani. Magoti yamechubuka. Shehe wa msikiti wetu alipokuja kunijulia hali tulikunywa chai yeye nje mimi ndani, akaondoka akiwauliza watu kama nimefungwa.

5. Nilimwomba mke wangu, Mwanawetu, amwambie mama yake ahamishe waya ule. Akasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na waya.

6. Mama mkwe akiwa na neno nami hukiambia kinu chake, kwa sauti, wakati mimi niko karibu. Ndiyo njia yetu na haina ubaya. Juzi nilijaribu kuusogeza waya wake kwa fimbo, kanga moja ikaangukia majivuni. Kinu kikaambiwa: "Wewe kinu, mimi nimempa mtu binti yangu. Yeye ananinyima nafasi ya kanga?" Ukweli nilikosa usingizi, lakini nilijitia moyo kwa kusoma tena makala ya Fundi.

7. Kwa ajili ya kanga hiyo, mjomba wa mke wangu, Mzee Swalehe, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wao, ameitisha kikao Ijumaa baada ya sala. Sharti lake ni fupi. Siku hiyo kanga za dada yake zikiwa zinaning'inia uwanjani kwa binti yake, ndoa ipo. Zisipokuwapo, basi mama amefukuzwa, na aliyemfukuza mama hakai na binti. Nimewekwa nichague baina ya mke na antena, jambo ambalo Fundi hakuligusia popote.

8. Naomba basi achapishe masahihisho. Kwanza, antena na mama mkwe viwe mbali maili mbili au zaidi. Pili, posa isipelekwe mahali kabla mshenga hajaupima uwanja wa wakwe kwa dira, na binti ambaye jiko la mama yake liko mashariki aolewe na mtu asiye na redio. Tatu, mahari yote ya wilaya hii ilipwe kwa waya wa shaba, ili mama wakwe waanike kwa kitu cha maana. Kama hayo ni mazito kwake, kituo cha Dar es Salaam kihamishiwe Lindi, ambako ni mashariki yetu, waya wangu unyooke kaskazini kusini na majiko ya watu yapumzike. Na kama hilo nalo halimwelei, aje yeye mwenyewe Ruponda awe mkwe badala yangu kwa wiki moja. Dirisha nitamwonyesha.

Nisalimie wapanga herufi wote, msambaza magazeti, mke wa Fundi, na hasa mama mkwe wa Fundi, kama anaye, jambo ambalo nina shaka nalo.

Ni mimi, mkwe wa watu mpaka Ijumaa,
Adinani bin Bashiri

N.B. Nilipokwisha kutia sahihi nilijikaza, nikaenda kukiambia kinu kwamba waya wa chuma unakula sauti, gazeti limesema. Mama mkwe alikuwa pale pale akichambua mbaazi. Hakunitazama. Aliinuka, akaziteremsha kanga zake, akaufungua waya, akaukunja na kuuweka chini, kisha akakijibu kinu taratibu: "Basi, nitaanika mtoni. Nilikuwa nikipata kusikia habari kidogo pale dirishani, maana ndani kwake siingii."

Nikaingia kwangu kwa mlango. Nikafungua redio. Kimya, hata mkwaruzo hakuna. Nikafungua kile kiungio, na waya wa katikati, ule wa kuleta sauti, haukuwa umefika kwenye shaba. Niliukata mfupi wakati wa kuchuna, ukabaki umelala ndani ya mpira wake. Debe zima la ufuta halijawahi kuniletea neno. Kila nilichosikia kililetwa na waya wa kanga.

Ndugu Mhariri, roho imeniuma. Namba moja mpaka nane zifute, na Dar es Salaam ibaki ilipo. Waya wake nimeufunga tena mwenyewe kwenye skrubu ile ile. Kanga zake siruhusiwi kuzigusa, kwa hiyo nimefua shuka langu nikalianika pembeni, aone kwamba waya upo na nafasi ipo. Redio nimeifungua kwa sauti yote, dirisha wazi, nami nimekuja kukaa huku kisimani, nisimzuie kusogea. Mwanawetu amepita na ndoo. Amecheka kidogo. Habari zinasikika mpaka huku. Betri haitafika Ijumaa, lakini sirudi mpaka nione kanga.