Ukurasa Uliofichwa Kiatuni

Jumatatu, 3 Juni 1974

Habibah, muuza chumvi, amenivushia jarida la sayansi kutoka Busia ya Kenya, ndani ya gunia. Balaa! Wataalamu wa nyota wanadhani wamepata shimo jeusi: kitu kizito mno, hata mwanga ukiingia hautoki. Nadharia yangu (miaka sita ya jasho!) inasema mvutano huchoka, na kila kilichomezwa hurudi. Shimo hilo likithibitishwa, nimekwisha. Omaido, mwalimu mwenzangu na mtetezi wa Einstein, ambaye hesabu zake zinalikubali shimo hilo, asiuone ukurasa huu. Nimeuchana, nimeuficha kiatuni.

Jumatano, 5 Juni

Kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi ya kuongezwa maji ya moto, tulikuwa wawili tu. Mwaka jana ilizama humo mirija kumi na miwili. Wengine wamevuka mpaka, wengine walichukuliwa na gari la askari, na hakuna anayeuliza. Nikamwambia Omaido jarida halina jipya. Akanyonya mrija wake kimya. Kisha akanong'ona kwamba majina yetu yametajwa kambini kwa askari. Ijumaa anavuka na Habibah, twende wote. Ujanja mtupu! Nikamwambia anakimbia mjadala.

Ijumaa, 7 Juni

Kavuka kweli. Ushindi! Tororo nzima hakuna wa kunipinga. Nimeisoma nadharia yangu kwa sauti uani. Mbuzi wa jirani yangu Aboth aliondoka kabla ya sura ya pili.

Jumapili, 9 Juni

Malwa hainyweki peke yako. Maji yanapoa chunguni na hakuna wa kusema ongeza ya moto. Nina upweke, niseme nini tena? Leo nimejipinga mwenyewe kwa sauti ya Omaido. Nikashindwa.

Jumatano, 12 Juni

Habibah kaleta barua ya Omaido! Anasema jarida lile alilisoma kabla yangu. Alinyamaza ili tuendelee kukaa pamoja chunguni. Anasema basi, nimeshinda, Einstein kakosea, nivuke tu, kitanda kipo. Habibah akaniuliza, "Mwalimu, leo ndiyo mara ya mwisho mimi navuka. Wewe nakwenda?"

Kakiri kwa maandishi! Nimemjibu kwamba mshindi hamfuati aliyeshindwa. Arudi, ayaseme hayo hapa chunguni. Na atarudi, nadharia haina shaka.

Habibah kaenda na jibu langu. Nimeosha mirija miwili.