Farasi Kwenye Dumu

Mswaki hakujua kuogelea, hakujua kuendesha boti, na mashine alizijua kwa kuzisikia zikinguruma tu. Hayo hayakumzuia kuwa, tangu asubuhi ile, mtaalamu wa kuongeza nguvu za mashine za boti. Utaalamu huo ulimshukia akiwa kwenye kikombe cha pili cha chai, katika kibanda cha pale kivukoni. Mgongo alikuwa amewapa watu, na masikio alikuwa ameyatega kila upande.

Jina la Mswaki alilipata kwa sababu ya meno yake. Alitabasamu kwanza, salamu baadaye, na kwa tabasamu hilo alikuwa amewahi kumuuzia kinyozi dawa ya kuzuia nywele za wateja zisiote, na baadaye, kinyozi alipokosa wateja, dawa ya kuziotesha. Kitu kimoja tu maishani alikipata kwa njia ya halali: pikipiki yake nyekundu. Aliinunua kwa bei kamili, bila hata kuomba apunguziwe, na mpaka leo hakuelewa shetani gani mwema alimwingia siku ile. Aliiita Bibi Harusi. Alipoiegesha aliifunika shuka.

Habari aliyoisikia kibandani ilikuwa hii. Kampuni inayojenga barabara ng'ambo ilitaka boti moja ya kuvusha wafanyakazi wake mwaka mzima. Jumamosi boti zingeshindanishwa, na itakayotangulia ndiyo ingepewa kazi. Boti za maana hapo kivukoni zilikuwa mbili tu, ya kijani na ya njano, na wenyewe waliitwa hivyo hivyo, Bwana Kijani na Bwana Njano. Walikuwa mashemeji: Kijani alimwoa dada yake Njano, fundi cherehani. Mashine zao walizinunua pamoja enzi za kupatana, kila moja ya nguvu za farasi arobaini. Kisha wakagombana juu ya nani aegeshe karibu na ngazi, na tangu hapo hata salamu hawakupeana.

"Farasi," Mswaki alijinong'oneza, akaweka kikombe chini. Mnyama gani mwingine anauzika bila kuonekana? Hali majani, hakojoi uani kwa mtu, na mnunuzi mwenyewe ndiye anayeapa kwamba yumo.

Alimkuta Bwana Kijani akifuta mashine yake nyuma ya boti.

"Kaka, pole," alisema Mswaki.

"Pole ya nini?"

"Ya hawa farasi wako. Niruhusu niwapime."

Akatoa kipimo chake. Zamani kilikuwa mizani ya jikoni. Sasa kilikuwa na waya mbili, na mshale wake ulipanda kila Mswaki alipobonyeza kwa dole gumba upande wa nyuma. Alipachika waya kwenye mashine, akabonyeza kwa unyenyekevu mkubwa.

"Arobaini kamili," alitangaza. "Lakini wamekonda."

Kijani akaacha kufuta. "Unaweza kuniongezea?"

"Wapya wanatoka kiwandani, na bei yao mimi mwenyewe naona haya kuitaja. Lakini wapo wa kuhamisha."

"Kutoka wapi?"

Mswaki aliitazama tu boti ya njano, iliyokuwa ikielea karibu na ngazi kwa raha zake.

"Huo si wizi?" aliuliza Kijani, kwa sauti ya mtu anayeomba kuambiwa kwamba sio.

"Wizi ni kumwacha mtu mikono mitupu. Shemeji yako ana arobaini. Tukichukua kumi, anabaki na thelathini. Mtu mwenye farasi thelathini utasema ameibiwa?"

Hesabu hiyo ilimwingia Kijani vizuri sana. Tatizo lilikuwa malipo. Mkononi hakuwa na kitu, na nyumbani kitu cha thamani kilikuwa kimoja, cherehani ya mkewe, ile iliyoshona sare za shule za mtaa mzima na kuwalisha wote pale boti zilipokosa abiria. Mkewe alikuwa amesafiri siku mbili kwenda kununua nyuzi. Kijani aliingia ndani kwa kunyata, mwizi katika nyumba yake, akijiambia kwamba kazi ya kampuni ikipatikana atamnunulia mpya ya umeme. Huku nje, Mswaki aliona kandambili za bluu mlangoni. Alitoa kisu, akakata kipande cha kisigino cha mguu wa kushoto, akakitia mfukoni. Fundi yeyote huhitaji vifaa.

Mchana, Bwana Njano alipokwenda kula, kazi ilifanyika. Mswaki aliinua kofia ya mashine ya njano, akachomeka nusu ya kile kipande cha kandambili kwenye mkono wa kufungulia mafuta ili usifunguke wote, akafunika. Kisha akaja kwenye boti ya kijani na dumu lililofungwa kifuniko, amelibeba kwa mikono miwili, mgongo umepinda kwa uzito wa hewa iliyokuwamo.

"Polepole," alimnong'oneza Kijani. "Wamelala."

Wakalimimina dumu tupu juu ya mashine. Kijani aliapa baadaye kwamba alisikia kwato.

Jioni ile boti ya njano ilikohoa kuvuka, na ile ya kijani ikaipita mbali, Kijani amesimama nyuma kifua mbele. Nani angehitaji ushahidi zaidi ya huo? Kesho yake Bwana Njano alikuja mwenyewe kibandani, amenyong'onyea. Mswaki alipima mashine yake, dole gumba likabonyeza nusu nusu, na mshale ukasimama thelathini.

"Bwana wee, umeibiwa."

"Na nani?"

"Mimi si mtu wa kugombanisha ndugu," alisema Mswaki, akaitazama boti ya kijani mpaka Njano naye akaitazama.

Njano hakuuliza kama kurudisha farasi kunawezekana. Aliuliza kama, pamoja na wake kumi, anaweza kuchukua na wengine kumi wa adhabu. Alilipa kwa televisheni yake. Mswaki akachomeka nusu ya pili ya kandambili kwenye mashine ya kijani.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akachomoa kile kipande cha mashine ya njano, akaaga. Lakini Mswaki alifikiria: boti zikizorota zote mbili, Ijumaa watakuja wote wawili, na wataleta chochote. Akaacha vipande vyote ndani. Vitu alivyolipwa akaviuza kwenye duka la vitu vilivyotumika. Kila aliyelalamika alimjibu, "Farasi wageni hao. Wape muda wazoee maji."

Sasa tumwache kidogo, maana fundi cherehani alikuwa amerudi nyumbani.

Pale ilipokuwa cherehani yake alikuta zimebaki alama nne za miguu sakafuni. Sare za watoto zilikuwa zimelala zimekatwa, hazijashonwa, na wazazi walishatoa kitambaa. Alimwita mumewe.

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Imekwenda kutengenezwa."

"Ilikuwa nzima."

"Basi... nimeiweka kwenye farasi."

Alieleza yote, na alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kusikia upumbavu wa maneno yake. Mkewe alivaa kandambili kwenda kuona mwenyewe, mguu wa kushoto ukayumba. Akaivua, akaitazama, kisigino kimeliwa. Akashuka mpaka kivukoni akichechemea, akamwambia mumewe ainue kofia ya mashine, kisha amletee maji ya kunywa. Alipobaki peke yake aliona rangi ya bluu. Baadaye akaomba kutazama na mashine ya kaka yake. Na huko, bluu.

Angeweza kuwaambia palepale. Lakini aliwajua watu wake. Wangemrukia Mswaki kwa makasia, naye angepanda pikipiki ile na kutokomea, na cherehani ingekwenda moja kwa moja. Basi alimwita kaka yake, akamwita mumewe, akawakalisha kwenye mkeka mmoja.

"Mume wangu, unao farasi hamsini?"

"Sina. Inatambaa kama kobe."

"Kaka, wewe?"

"Hata ishirini sidhani, dada."

"Kwako hawapo, kwake hawapo. Na hapa mjini kitu gani siku hizi kinapanda ule mlima wa kutoka kivukoni kwa kasi kuliko vyote?"

Mashemeji wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wa ngazi.

"Pikipiki," alisema Njano.

"Mshenzi yule," alisema Kijani. "Shemeji, twende."

Ijumaa walimkuta kibandani, Bibi Harusi akiwa chini ya shuka lake. Mswaki alipowaona pamoja, tabasamu lilichelewa kufika.

"Injinia," alisema fundi cherehani kwa adabu zote, "tumekuja kuulizia mifugo yetu."

"Shemeji yangu, karibuni chai. Mifugo ipi?"

"Farasi ishirini. Kumi wa kaka, kumi wa mume wangu. Wamo humo." Alionyesha shuka.

Mswaki akacheka. "Shemeji, pikipiki haiwezi kubeba farasi wa boti!"

"Dumu limewabeba, pikipiki ishindwe?"

Watu wa kibandani wakaacha kunywa. Muuza chai mwenyewe akagonga kijiko. "Kumbe! Ndiyo maana inapanda mlima vile!"

"Hii ina farasi saba tu," alisema Mswaki, jasho likianza kumtoka. "Wa kuzaliwa nao."

"Pima basi tuone."

Akakataa, wakamtazama. Akatoa kipimo, akapachika waya, mikono akaiweka mbali kabisa. Mshale ukalala.

"Haya, hata hao saba hawapo," alisema fundi cherehani. "Hebu nikishike mimi, mume wangu amenieleza unavyokishika." Akakipokea, akakikumbatia vizuri, na dole gumba lake lililozoea kubonyeza kitambaa cha sare likabonyeza nyuma. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa mizani.

"Themanini!" alipiga kelele Kijani.

"Ana na wa watu wengine humo!" alipiga kelele Njano.

Mswaki akisema farasi hawahamishiki, amejitangaza tapeli mbele ya wanaume wawili wenye mikono ya kuvutia nanga. Akinyamaza, ni mwizi wa mifugo. Alipima haraka, akachagua wizi.

"Walipanda wenyewe," alisema kwa unyonge. "Farasi wana tabia hiyo."

Bibi Harusi ilisukumwa mpaka nyumbani kwa fundi cherehani, ikafungiwa chumbani. Masharti yalikuwa mepesi: alete cherehani, alete televisheni, nao watatoa farasi wao na kumwachia wa kwake. Mswaki alikimbia mpaka dukani.

"Bei imepanda," alisema mwenye duka.

"Nimekuuzia juzi tu!"

"Kweli. Na tangu hapo nimevipangusa vumbi."

Alilipa. Alitoa yote aliyopewa kwa vitu vile, na akiba yote, na saa ya mkononi, bila hata tabasamu moja.

Jumamosi asubuhi alifika na mkokoteni. Fundi cherehani aliikagua mashine yake, akazungusha gurudumu, akaipitishia kitambaa, akapumua. Machozi yalimlengalenga na hakuyaficha. Laiti Mswaki angetazama miguuni pake, angeona kandambili ya kushoto imerudishiwa kisigino chake, vipande viwili vimegandishwa kwa gundi. Lakini yeye alikuwa akimtazama Bibi Harusi.

"Sasa tuwatoe," alisema yule mama. "Shikeni dumu, ninyi wawili, mbele huko. Msitazame nyuma, watashtuka."

Mashemeji wakashika dumu, mmoja kila upande, wamekaza macho ukutani.

"Sawa kwa sawa, shemeji," alisema Njano.

"Sawa kwa sawa," alisema Kijani.

"Na wewe Injinia, geukia mlangoni. Wanakujua, wakikuona watagoma."

Mswaki akageuka. Angefanyaje? Nyuma ya pikipiki, fundi cherehani alizungusha spana ya mumewe, akachomoa plagi ya kuwashia moto, akaidondosha kwenye droo ya cherehani, katikati ya sindano.

"Tayari," alisema. "Funga kifuniko."

Habari ya kampuni ni fupi. Boti zilifika ng'ambo ubavu kwa ubavu, mtu wa kampuni akashindwa kuamua, akachukua zote mbili, moja ya asubuhi na nyingine ya jioni. Walipokuwa wakirudi, mashemeji walisalimiana.

Mswaki hakuyaona hayo mwanzo. Alikuwa akipiga kiki. Alipiga mpaka kandambili zake mwenyewe zikakatika, na Bibi Harusi haikutoa hata kikohozi. Basi akaishika pembe za usukani, akaanza kuisukuma kupanda mlima, peku, shuka likiburuta vumbi.

Katikati ya mlima alisimama kupumua. Chini kule boti mbili zilikuwa zikitoka kwenye ngazi, povu jeupe nyuma yao, zinakimbia kuliko siku zote. Akili yake ilimwambia: wamegundua vile vipande vya kandambili, hakuna zaidi. Alijua hivyo. Nani angejua zaidi yake?

Lakini upepo ulileta mlio wa mashine mpaka pale alipokuwa, na ndani yake, chini kidogo, akasikia ule mngurumo anaoujua, wa Bibi Harusi akipanda mlima kwa gia ya pili. Mswaki aliiegemeza pikipiki yake, akaweka sikio juu ya tangi, akagonga taratibu kwa kidole.

"Hata saba?" aliiuliza. "Hata saba hawakubaki?"