Homa Iko Sikio la Kulia

Jumatano, 11 Juni 2025
Wiki imepita tangu kemo, dawa ya saratani. Kinywa kina vidonda. Ugali una ladha ya sarafu. Nikigusa kitu cha baridi, vidole vinapigwa shoti. Haidhuru. Jumamosi mpwa wangu Noel anaoa hapa Edmonton, Kanada, na MC ni mimi. Shida ni mke wangu Aikaeli. Kazini anatunza wazee. Nyumbani mzee wake ni mimi. Kila siku ananipima joto sikioni. Likifika thelathini na nane anapiga simu hospitali bila mjadala, maana kinga yangu iko chini. Humphrey, MC mwenzangu, amepiga kunijulia hali. Kauliza mara mbili kama sauti inatoka. Anaitaka maikrofoni yangu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeamka natetemeka. Nikajipima kwa siri. Thelathini na nane na ushee. Kipimajoto nikakirudisha kabatini kama mtu aliyekosea namba. Mpango: Aikaeli hupima sikio la kushoto siku zote. Kabla hajaingia, naligandamizia mfuko wa njegere za friza. Kichwa bado kinafanya kazi.

Ijumaa, 13 Juni
Naandikia wodini. Njegere ziliponigusa, shoti ilishuka hadi kisigino. Nilisahau habari ya baridi. Nikavumilia kwa ajili ya Noel. Aikaeli akaingia, akapima. Thelathini na tatu. Akanitazama. "Baba Haika, kwa namba hii wewe ni maiti."

Nikasema labda betri. Akapima kulia. Thelathini na tisa. Hakugomba. Alipiga simu, akanivalisha koti, na ndani ya teksi akanishika mkono, analia bila sauti. Daktari kasema ningelala na homa ile nyumbani, huenda nisingeamka. Nilitafuta utani wa kumchekesha Aikaeli. Sikupata. Mimi, MC mzima.

Jumamosi, 14 Juni
Dripu ya antibayotiki inaingia, homa imeshuka. Binti yetu Haika amenirushia harusi kwa video. Humphrey kamkaribisha bibi harusi ukumbini kwa jina la mama mkwe. Nimecheka mpaka mrija wa dripu ukachomoka. Muuguzi akaja mbio. Aikaeli, aliyekataa kwenda harusini bila mimi, naye kacheka hadi akashika ukuta. Siku nzuri sana.

Jumanne, 17 Juni
Nimetoka jana. Nimemwapia Aikaeli sitaficha tena dalili yoyote, hata chafya. Mchana kapiga simu Placida, muuguzi wa kemo, Mtanzania mwenzetu. Kauliza kama vidole vina ganzi. Vikiwa nayo nimwambie, wapunguze dawa, na nisiguse usukani.

Sasa, Jumapili maharusi wanarudi kutoka fungate. Wa kuwapokea uwanja wa ndege kwa gari ni mimi au Humphrey. Nikamjibu Placida vidole viko safi kabisa. Nikabonyeza kukata simu iliyokuwa mezani kwenye spika, nikamgeukia Haika, nikamweleza kwa furaha kwamba vidole sivihisi tangu jana, ila usukani nitaushika kwa viganja.

Kumbe kidole hakikubonyeza kitu. Sauti ya Placida ikatoka mezani, ya upole sana, ikiomba azungumze na mama Haika.

Aikaeli yuko njiani anarudi. Nitamwambia ile sauti aliyoisikia Placida ilikuwa redio.